Mtungi wa Samaki wa Mkwe Wangu

Nyinyi vijana mnaopita hapa kibandani kwangu kuazima mkasi wa bati, na kusahau kuurudisha, huwa mnaniuliza kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza ni kipi. Najua mnatarajia nitaje sanduku. Nimetengeneza masanduku ya shule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi tititi, na watu wazima wengi wa Eastlands waliosoma bweni walibeba nguo zao, sabuni zao na mkate wao wa siri ndani ya kazi ya mikono hii. Lakini jibu langu si sanduku. Ni mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, umetobolewa kila upande, na hata matundu yenyewe sikuyatoboa mimi. Kaeni niwaeleze. Huo mkasi uwekeni mezani kwanza.

Ili mnielewe, lazima nianze na Mzee Mutiso, aliyenifundisha kazi hapa hapa Kaloleni. Alikuwa Mkamba mfupi mwenye mikono mipana na maneno machache, na alikuwa na kipande cha reli ambacho ndicho alichofulia bati. Sijui alikipata wapi na sikuthubutu kumuuliza. Alinifundisha kwamba bati halipigwi kwa hasira. Unalikunja ukingo, unaukunja tena juu yake, unagonga taratibu kwa nyundo ya mbao huku ukisikiliza. Mlio ukiwa mkali na safi, ukingo umekaza. Mlio ukiwa mzito kama mtu mwenye mafua, kuna mahali pamebaki wazi, na maji yatapaona kabla yako.

Maji ndiyo yaliyokuwa mwalimu mkuu wa Mzee Mutiso. Kila sanduku likiisha alivua kofia yake, kofia moja ya sufu aliyoivaa hata mwezi wa Januari, akaitia ndani, akafunga komeo, kisha akamwagia sanduku ndoo nzima ya maji. Akifungua akakuta kofia imelowa, hakukutukana. Alikuvalisha. Ulishinda kutwa na kofia ile mbichi kichwani, wateja wakiingia na kutoka, na kila mmoja akijua umefanya nini. Niliivaa mara nyingi mwanzoni. Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kuuza samaki pale barabarani, alinijua kwanza kama "yule kijana wa kofia mbichi". Sijui alinipendea nini, na nikimuuliza anasema hata yeye bado anatafuta.

Basi nikakua nikijua jambo moja kwa damu na nyama: kazi yangu ni kuyazuia maji yasiingie. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililokaribia kuniulia mkwe.

Binti yetu Nekesa alizaliwa hapa, akasomea hapa, kisha kazi ikampeleka Pwani, na huko akakutana na Kazungu. Kazungu ni mpiga mbizi. Hatumii gesi mgongoni wala mitambo. Anavaa miwani ya majini, anavuta pumzi, anashuka kwenye miamba na mkuki wake wa mkono, anamchoma samaki, anapanda juu kupumua. Samaki anamtunga kwenye kamba aliyoifunga kiunoni, kisha anashuka tena. Ndivyo alivyofanya babake, na ndivyo wanavyofanya wenzake. Kijana mpole, ana heshima mpaka inakukera. Akinipigia simu anaanza na shikamoo, halafu ananiuliza hali yangu, hali ya majirani, hali ya mvua ya Nairobi, na mimi muda wote huo nimeshika koleo lenye moto.

Siku moja Nekesa akapiga simu, na yeye hana muda wa mvua.

"Daddy, niaje. Cheki, huyu msee wako ataniua na presha."

"Amefanya nini?"

"Papa amemraruia shorti! Papa, Daddy, yule samaki wa meno! Anatembea na samaki wanatoka damu hapo kwa kiuno, si ni kama amejiwekea menyu? Papa amekuja amebeba samaki wote na kipande ya shorti. Ati anacheka. Ati shorti ilikuwa nzee."

"Na mguu?"

"Mguu uko. Hii mara." Nikasikia sauti yake inabadilika. "Daddy, mimi ni mjamzito. Akirudi tena hivyo, nafunga virago narudi Ololo. Si wewe ni fundi? Mtengenezee kitu ya kuweka hao samaki mbali na yeye."

Ololo ndiyo Kaloleni, kwa waliozaliwa hapa. Nilikata simu nikaketi juu ya kipande cha reli. Nilimwona yule mtoto ambaye hajazaliwa. Nilimwona Nekesa amerudi na mifuko yake, na nyumba yake ameiacha kwa sababu ya hofu. Niliona pia mambo mengine ambayo sitaki kuyasema. Nikasimama nikakata bati.

Nawaambia, sijawahi kutengeneza sanduku zuri namna ile. Bati jipya lisilo na hata kovu. Kingo nimezikunja mara mbili, kisha nikazipitishia lehemu ili nilale usingizi. Kifuniko kina bawaba mbili na komeo, na chini ya kifuniko nimezungushia mpira ili maji yasipate hata njia ya sindano. Pembeni nikaweka kishikio cha kufungia kamba, ili Kazungu alivute nyuma yake likielea, samaki na damu yao vikiwa ndani, papa asinuse kitu. Nikalipaka rangi ya samawati, na kwa kuwa mkono una mazoea, nikachora maua pembeni na kuandika KAZUNGU kwa herufi kubwa, namna tunavyowaandikia watoto wa kidato cha kwanza. Nikalipiga picha nikamtumia Kazungu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Baba, hilo sanduku ni zuri mno. Sijapata kuona chombo kizuri hivyo. Ahsante sana, baba." Nilisikiliza sauti ile tena na tena, nikawachezea na majirani.

Kazungu akaja Nairobi kulichukua mwenyewe. Hapa lazima mjue desturi yetu. Sisi tumetoka magharibi, na kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaangaliani ovyo ovyo. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono. Kijijini hilo si shida, kuna nyumba, kuna ua, kuna migomba ya kujificha. Kaloleni kuna chumba, kichumba, na dirisha moja la kutazama uani. Kwa hiyo Kazungu akifika, mke wangu anaingia ndani, anafunga mlango, anavuta pazia la dirisha, na tangu hapo anazungumza na mkwewe kupitia kwangu, ingawa wanasikiana wazi kabisa.

"Baba Nekesa, mwambie mkwe wetu karibu."

"Karibu, Kazungu."

"Ahsante, baba. Mwambie mama nimekaribia."

"Amekaribia."

"Nimesikia," anasema mke wangu. "Mwambie chai inakuja."

Nilimpa Kazungu sanduku. Akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akazisifu bawaba, akalisifu komeo, akayasifu maua. Akaanza kulifunga kwa kamba tayari kwenda kituo cha basi. Mimi nilikuwa nimevimba kwa furaha. Ndipo pazia likasema:

"Baba Nekesa. Hilo sanduku limemwagiwa maji?"

"Mama, hili ni lehemu juu ya ukingo. Halina haja."

"Tangu lini kitu kinatoka hapa bila kumwagiwa maji? Mzee Mutiso akifufuka utamwambia nini? Na hiyo ya kumwagiwa ndoo ni ya shule. Hii inaenda baharini. Itie kwa tangi."

Uani petu kuna tangi kubwa jeusi la plastiki, limekatwa juu, majirani wote huweka maji humo kwa sababu ya mfereji ambao hutoka unapojisikia. Mtu mzima akisimama ndani, maji yanamfika kifuani. Nikawaomba majirani ruhusa, wakanipa kwa masharti ambayo niliyavunja. Mke wangu akatoa samaki wawili wa kununua, ngege, akawapitisha chini ya pazia. Kazungu akavua shati na suruali, akabaki na shorti, na mke wangu akatangaza kwa sauti kwamba amelipa mgongo dirisha, kila mtu ajue.

Kazungu akaingia, akajifunga ile kamba kiunoni. Sanduku likaelea. Mngejua fundi anavyojisikia anapoona kazi yake inaelea! Lilikaa juu ya maji limenyooka, maua yote yanaonekana. Nikawaambia majirani waliokusanyika, "Mnaona?"

Nikamwambia Kazungu afanye anavyofanya baharini. Akaanza kuyatikisa maji kwa mkono ili yafanye mawimbi. Akajitosa chini, akaibuka na ngege, akafungua komeo kwa mkono mmoja, akainua kifuniko. Sanduku likainama upande wake kwa sababu ndiko alikolielemea. Wimbi dogo, wimbi la tangi la kufulia nguo, likaingia ndani likakaa, maana nilikuwa nimehakikisha hakuna mahali pa kutokea. La pili likafuata. Sanduku langu likapiga kwikwi, likazama moja kwa moja hadi chini na ngege ndani yake, na kamba ikamvuta Kazungu kiuno mpaka kidevu chake kikagusa maji.

Mtoto wa jirani akacheka, mamake akamziba mdomo.

"Nini imetokea?" pazia likauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Kazungu alisimama mle ndani akajifungua kamba, akajifuta uso. "Baba," akasema taratibu, "sanduku ni zuri. Ila kwenye miamba kina ni kirefu kidogo kuliko hapa."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Ulipoona picha, ulijua litazama?"

Akainamisha kichwa. "Nilifikiri hivyo, baba."

"Na ungelichukua? Ungelifunga kiunoni uingie nalo baharini?"

"Ni kazi ya mikono yako, baba. Ningekosaje kulichukua?"

Nikasikia mke wangu anapiga kofi mapaja yake kule ndani. "Baba Nekesa! Huyo kijana atakufa kwa adabu! Mwambie! Papa hatamwua, adabu ndiyo itamwua!"

Vijana, nilichemka. Kwanza nilimkasirikia Kazungu, kisha sanduku, kisha maji, kisha mke wangu kwa kuwa sahihi mbele ya watu. Nikarusha nyundo chini. Nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Nilikuwa naogopa. Yule kijana alikuwa amebakisha dakika chache apande basi na kifo chake kilichochorwa maua, na mimi ndiye niliyemchorea. Tangu siku ile, mteja anayesifu kila kitu namwogopa kuliko mteja anayegomba. Anayegomba anakusaidia kazi. Nanyi mkipata wa kusifu, mkalisheni chini mumwulize mara ya pili.

Nilirudi nikamkuta mke wangu anahutubia kupitia pazia, hata hanisubiri nimfikishie maneno.

"Mwambieni Baba Nekesa, huko aliko, kwamba mimi nimeuza samaki miaka yote. Samaki hafungiwi ndani ya maji yaliyokufa, analainika ananuka. Nilikuwa nawaweka kwa beseni la matundu ndani ya beseni la maji, maji yanaingia yanatoka. Yeye anapigana na maji. Samaki ni mwenyeji wa maji! Aache maji yaingie."

"Mama," nikasema, "yakiingia kitazama."

"Kizame na nini kama maji yanapita tu? Funga vitu vya kuelea huko nje."

Na damu? Damu itatoka kwenye matundu, nikawaambia, papa atanusa. Ndipo Kazungu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanikatiza maneno. "Baba, samahani. Damu na itoke. Mradi itokee mbali nami. Papa hufuata damu, hanifuati mimi. Kamba iwe ndefu."

Nikamtazama. "Sema tena."

"Kamba, baba. Ile uliyoweka ni fupi mno." Akameza mate. "Na komeo halifai, mkono mmoja una mkuki. Na bati chumvi italila."

"Endelea," nikamwambia. Nikavuta kiti. "Toa yote."

Basi tukafanya kazi, na sikumbuki siku ya kazi iliyonifurahisha kuliko ile. Nilitafuta kwa muuza mitungi pale barabarani mtungi wa mafuta wa manjano, mpana mdomo, wenye plastiki nene isiyopasuka ukiibonyeza. Manjano kwa sababu Kazungu alisema wenye boti wakiiona rangi hiyo mbali watajua kuna mtu chini. Nikakata mdomo wake upana wa samaki wa kutosha familia. Juu ya mdomo nikafunga kipande cha tyubu ya gari, nikakikaza kikawa kama ngozi ya ngoma, kisha nikakipasua msalaba katikati. Ukimsukuma samaki kwa kichwa anaingia, na mpira unajifunga nyuma yake. Mkono mmoja tu. Huhitaji hata kutazama.

Matundu aliyatoboa mke wangu. Plastiki haitobolewi kwa kugonga, itapata ufa na ufa utatembea. Unatia msumari kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, unaushika kwa koleo, unausukuma polepole ukiuzungusha, na ukingo unayeyuka unajishona wenyewe. Jiko lilikuwa ndani kwake, kwa hiyo nilimpitishia mtungi dirishani, akautoboa huko huko nyuma ya pazia, moshi ukitoka na yeye akikohoa na kuimba. Uliporudi ulikuwa na matundu ya mviringo yaliyopangwa mistari, safi kuliko kazi ya mafundi wengi niwajuao. Akasema matundu yawe madogo kuliko kichwa cha samaki mdogo, na mengi kuliko ninavyofikiri.

Mimi nikafunga chupa tupu za soda kuzunguka bega la mtungi kwa blada, ile mipira ya kukata kwenye tyubu kuukuu, nikaacha kitako bila chupa na kutia jiwe ndani ili usimame wima. Kamba nikachukua ya nailoni, ndefu. Kazungu akataka iongezwe, nikaongeza. Na penye kiuno sikuweka fundo. Niliweka kitanzi na kijiti kimepita katikati, kwa hiyo ukivuta kijiti kila kitu kinaachana nawe. Hilo nililiwaza mwenyewe, nikikumbuka kidevu chake kikigusa maji.

Tukatia tangini. Ukaelea umezama nusu, mbaya wa sura kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka mikononi mwangu. Kazungu akapiga mawimbi hadi majirani wakalowa. Hauinami, hauzami. Akaupanda kwa kifua. Ukarudi juu. Ngege wakaingia, hawakutoka.

"Unauonaje?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Chupa moja imelegea, baba."

Nilimkumbatia akiwa amelowa vile vile.

Lile sanduku la samawati lilibaki hapa. Mke wangu huweka unga ndani yake, na panya wameshindwa kabisa.

Mtoto akazaliwa salama, msichana. Nekesa akawa anapiga simu kuzungumza habari za meno ya mtoto, wala hataji meno mengine, nasi tukatulia. Krismasi wakaja wote. Mke wangu akamchukua mjukuu, akaingia ndani, akavuta pazia. Kazungu akaketi uani na mfuko mkubwa miguuni. Tulipomaliza habari za mvua, akautoa ule mtungi, umefifia kwa jua, chupa mbili hazipo.

"Unataka matengenezo madogo, baba," akasema, na akatazama pembeni.

Sikuona kitu. Niliupitisha dirishani, nikamwambia mke wangu aangalie matundu kama yamepanuka, mimi nikatafuta blada. Nilikuwa bado nimeinama kwenye sanduku la vifaa niliposikia ameacha kumwimbia mtoto.

"Baba Nekesa. Haya si yangu."

Nikaenda dirishani. Vidole vyake vilikuwa vinapita ubavuni mwa mtungi, karibu na kitako. Kati ya mistari yake ya matundu ya mviringo kulikuwa na mengine, membamba, yamepasuliwa, yamejipanga kwa upinde upande huu, na upinde mwingine upande wa pili. Nilitia kidole changu katika moja. Likanikwaruza.

Nikageuka. Nekesa alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, machozi yanamtoka, mkono begani pake.

"Tulikubaliana tusiwashtue," akasema. "Alivuta kijiti, Daddy. Papa akaenda na mtungi, yeye akaenda upande wa boti. Wenzake waliupata mchana ukielea."

Nililia mbele ya watoto wangu na majirani, sikujificha. Kazungu naye akaanza kusema kwamba mtungi ni imara sana, baba, kwamba kazi ni nzuri mno, nikamwambia anyamaze.

Kisha nikasikia komeo la mlango. Mke wangu akatoka uani na mjukuu kiunoni na mtungi mkononi, kitambaa kimemteleza kichwani, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya kijana yule ambaye alikuwa hajawahi kumtazama usoni. Hakunitafuta nimfikishie maneno.

"Kazungu, mwanangu. Simama nikuone miguu."

Akasimama. Akapandisha suruali mpaka magotini, mguu huu na mguu ule. Mke wangu akainama, akaitazama yote miwili, mbele na nyuma, bila haraka. Akamkabidhi mtoto. Halafu akanigeukia mimi.

"Kamba imebaki kiasi gani?" akaniuliza. "Tuongeze."